Naombeni ushauri: nimealikwa kuzungumza na kidato cha nne Jumamosi, niwaambie nini?

Kasia Moja (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa chuo hapa Mwanza, mzaliwa wa Sengerema. Wiki iliyopita mwalimu wangu wa zamani alinipigia simu akaniomba nizungumze katika mahafali ya kidato cha nne ya shule niliyosoma, ili niwaeleze wadogo zangu yale ambayo mimi mwenyewe ningependa kuambiwa nilipokuwa na umri wao. Mtihani wao wa taifa ni Novemba, kwa hiyo muda wa kuwahimiza wasome umekwisha kuwa mfupi, ila muda wa kuwaandaa kwa kinachofuata bado upo. Siku tatu nimekaa na kalamu na karatasi ingali nyeupe. Nimepanga kuondoka alfajiri, nivuke na kivuko cha kwanza pale Kigongo, nifike kabla wahitimu hawajaingia ukumbini. Ninyi mliopita vyuoni, kama leo ungekutana na wewe wa kidato cha nne, ungemwambia nini? Naomba msinipe yale ya "msikate tamaa", maana hayo kila mgeni rasmi huyasema huku akitazama saa.

Dada wa Igoma

Kwanza utuambie unasoma kozi gani na upo mwaka wa ngapi, kwa sababu maneno ya aliye mwaka wa kwanza si maneno ya anayemaliza.

Wakati nasubiri jibu lako, nitasema langu. Ningemwambia yule binti wa kidato cha nne aliangalie jina lake. Jina la babu yetu ni la Kisukuma na linaanza na Ng'w, na kila karani aliyekutana nalo alilitafuna kwa meno yake: cheti cha kuzaliwa kina Ngw, cheti cha kidato cha nne kina Mw, na kitambulisho cha taifa kina namna ya tatu ambayo hata baba hakuitambua. Nilipokuwa nyumbani jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Nilipoanza kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambako cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, halikuchekesha tena. Nilizunguka kwa mwanasheria kula kiapo, nikarudi mjini kufuata nyaraka, na wenzangu wa chumbani walikwisha kupokea fedha zao wakati mimi nakula ugali wa kukopeshwa. Kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa ndipo makosa ya jina hurekebishwa kwa urahisi. Hao wako wamekwisha kusajiliwa, lakini waambie wawaambie wadogo zao walio kidato cha pili.

Mzee wa Mwaloni

Mimi chuo sikukiona, ila nimesomesha watoto watatu kwa dagaa, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema. Wa kwanza na wa pili hawakunisumbua. Wa tatu alipopata lile fungu la chakula na malazi mnaloliita bumu, alinipigia simu siku ya kumi na moja akisema limekwisha. Nikamuuliza, shilingi elfu kumi kwa siku, siku kumi na moja, zilizobaki ziko wapi? Akakaa kimya, na baadaye nikasikia amenunua viatu na spika.

Wanangu, mtu aliyekulia kwenye dagaa hufundishwa jambo moja mapema. Wavuvi huenda ziwani na taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wanakaa nchi kavu kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo kila anayeishi kwa mzigo huo huweka akiba ya siku za mwezi. Bumu nalo linaingia kwa mkupuo na kisha linakuja giza lake, ila hilo ni giza la njaa. Mfundishe mtoto wa kidato cha nne kugawa fedha kwa siku, hata kama ni fedha ya nauli.

Jiwe Juu ya Jiwe

Mimi ningemwambia yule kijana aache kumwandikia barua binti wa mkondo B, kwa sababu ataolewa na kondakta wa daladala za Buhongwa na harusi yao itafana sana, nami nitachangia.

Mwalimu wa Magu

Tuache mzaha, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Nimefundisha miaka mingi na nimeona watoto wakichagua tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, kama wanavyochagua jezi. Mtoto anajaza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu mjomba amesema familia inahitaji daktari, ilhali Fizikia amepata D ya kubahatisha. Serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo kisingizio cha kukosa pa kwenda kimepungua. Ningemwambia mtoto aanzie mwisho: achukue mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, aitafute shahada anayoitaka, asome sifa zinazotakiwa, ndipo arudi nyuma kuchagua masomo. Tena asidharau njia ya stashahada baada ya kidato cha nne. Pale Nyegezi kuna chuo cha uvuvi ambacho kijana wa ziwani hukipita kila siku akienda kutafuta ajira asiyoijua, na mwenye stashahada nzuri mlango wa shahada bado uko wazi kwake. Vijana wa siku hizi hamsomi miongozo, mnasoma picha.

Kasia Moja

Nawashukuru sana. Suala la majina nitalitumia, na la mwezi pia, kwa ruhusa ya Mzee. Kuhusu tahasusi, Mwalimu, nakuheshimu lakini nimekwisha kuandika nusu ukurasa wa kuwahimiza wachukue sayansi, kwa sababu ndicho kitu shule inachotarajia kutoka kwangu. Nilikuwa wa kwanza darasani katika Baiolojia, na mwalimu amenitambulisha kwa wanafunzi kama "daktari wetu mtarajiwa". Nikienda kinyume nitamwaibisha.

Dada wa Igoma

Hujanijibu. Kozi gani, mwaka wa ngapi?

Kasia Moja

Kozi ya afya. Mwaka hauna uhusiano na ninachoomba.

Dada wa Igoma

Una uhusiano, kaka yangu. Mtu aliyeombwa kusema ukweli wake, kisha akaandika nusu ukurasa wa ukweli wa shule, ana kitu amekikalia.

Kasia Moja

Haya. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2023 nikajiunga na chuo kimoja hapa mjini mwaka huo huo. Mwaka wa kwanza nilishindwa masomo manne, nikarudia mitihani, nikashindwa tena mawili, na mwaka 2024 nikadisko, yaani nikaondolewa chuoni. Nyumbani wanajua nimeingia mwaka wa tatu. Kwa sasa naandika daftari la mizigo kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ninalipwa kwa wiki, na sehemu ya fedha hiyo namtumia mama nikimwambia ni akiba ya bumu.

Mwalimu aliponipigia simu nilitaka kukataa, lakini alikuwa amemweka mkuu wa shule karibu, nikasikia sauti yake ikinipongeza, na kinywa kikasema ndiyo. Suti iko kwa fundi pale Makoroboi na nimekwisha kulipa nusu. Siombi kuambiwa niende au nisiende, kwa kuwa kwenda nitakwenda. Naomba mnisaidie maneno ambayo mtu kama mimi anaweza kuyasema bila kuwa mwongo kabisa.

Jiwe Juu ya Jiwe

Naifuta barua ya binti wa mkondo B. Pole sana, ndugu yangu.

Mwalimu wa Magu

Hapana. Unapaswa kumpigia simu mwalimu wako leo na kujitoa, apate muda wa kutafuta mwingine. Mahafali si mahali pa kujifunzia unyofu mbele ya watoto wa watu.

Mzee wa Mwaloni

Mwalimu, mimi nisingesema hivyo. Watoto hao watasikia waliofaulu mwaka baada ya mwaka. Aliyeanguka na bado anaamka saa kumi usiku kuhesabu magunia huwa hawamsikii.

Mtoto wa Busisi

Wakuu, samahani nawakatisha machozi. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nanusa chai, yaani hadithi ya kutunga, tena chai ya maziwa. Mleta uzi anasema ni wa Sengerema na kwamba atavuka na kivuko cha kwanza Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, na tangu hapo sisi wa ng'ambo tunapita juu ya maji bila kushuka garini. Nimekulia Busisi nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya hicho kivuko. Mtu wa kwetu hawezi kulisahau daraja hilo, kwa sababu limetunyima hata biashara. Halafu tazameni Kiswahili chake kilivyonyooka: huyu ni mwandishi anayetafuta hadithi, nanyi mnamwandalia sura za kitabu.

Jiwe Juu ya Jiwe

Mimi nilishaanza kuhuzunika, jamani. Mleta uzi, jibu hoja ya daraja.

Dada wa Igoma

Hata kama ni chai, majina yangu yalikosewa kweli. Lakini naungana na wenzangu, jibu.

Kasia Moja

Mtoto wa Busisi, umenikamata mahali ambapo sikutaka kukamatwa. Mara ya mwisho kuvuka ilikuwa Desemba 2024, kwa kivuko, nikienda kula Krismasi nyumbani. Siku ile baba aliwaita majirani waje kumsalimia daktari, mzee mmoja akanionyesha mguu wake uliovimba na kuniuliza dawa, nami nikamtajia dawa ya maumivu ambayo hata mwenye duka angeitaja. Tangu hapo sijarudi. Daraja nimeliona kwenye simu siku lilipozinduliwa, na likiwa mbele yangu kwa safari ya daladala tu nimeshindwa kulipita, maana kivuko kilikuwa kikinipa muda wa kupanga uongo kabla ya kufika. Nilipoandika uzi huu niliandika safari ninayoikumbuka. Kuhusu Kiswahili, nilipata A.

Mzee wa Mwaloni

Hilo la mzee na mguu mtu halitungi.

Mtoto wa Busisi

Linatungika, Mzee, ila nakubali kwamba limenigusa. Nina swali moja la kumalizia: mama yako anajua?

Kasia Moja

Hajui. Na atakuwepo ukumbini, amekwisha kushona kitenge.

Dada wa Igoma

Basi mdogo wangu, hotuba yako ya kwanza ni ya Ijumaa usiku, kwa mtu mmoja aliyevaa kitenge. Nenda siku moja mapema. Asiisikie habari hiyo kwenye kipaza sauti. Baada ya hapo wape watoto kile ulichokosa wewe. Mimi naomba uwaambie kwamba mtu akishindwa somo la kwanza aende kwa mhadhiri wiki hiyo hiyo, na akizidiwa aulize utaratibu wa kuahirisha masomo kabla ya mitihani, kwa sababu kuahirisha kuna mlango wa kurudi. Hata aliyeondolewa aulize masharti ya kuomba upya, na akumbuke kwamba mkopo aliokwisha kuupokea unabaki kuwa deni lake.

Kasia Moja

Kuahirisha sikukujua. Nilidhani ni kwa wajawazito na wagonjwa tu, nikaona aibu kuuliza. Nusu ukurasa wa sayansi nimeuchana. Ila sijaahidi kuhusu Ijumaa, nimesema nitafikiri.

Mwalimu wa Magu

Mimi bado nasema ungejitoa.

Mtoto wa Busisi

Dada yangu wa mwisho yuko kidato cha nne huko huko Sengerema na mahafali yao ni Jumamosi. Sikutaji shule, nawe usinitajie. Jumapili nitamuuliza mgeni wao alisema nini.

Kasia Moja

Muulize. Akikwambia kwamba mgeni alizungumzia majina ya kwenye vyeti tu, ujue Ijumaa nililala Mwanza.