MJADALA: Mgonjwa wa skizofrenia akiandikiwa "anaendelea vizuri", nani kapima, na kapima nini?

Mwanzisha mada (Tandahimba):
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito, linagusa nyumba nyingi huku Kusini.

Binamu yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na anachomwa sindano ya dawa kila mwezi. Kliniki anaulizwa kama bado anasikia sauti. Anasema hapana, kadi inaandikwa "anaendelea vizuri". Njoo nyumbani sasa. Kuoga mpaka asukumwe. Juzi kwenye msiba wa mjomba alijikalia nyuma ya jiko peke yake mpaka watu wakatawanyika, hata mkono wa pole hakutoa. Sauti zimeondoka, yeye hajarudi.

Dawa hizi zinasaidia sana kwenye sauti na kudhani unafuatwa, ila kujitenga na kukosa ari haziligusi kwa kiasi hicho. Ndiyo maana vipo vipimo vya maisha ya kila siku. PSP, kwa mfano, inatoa alama 1 hadi 100 kwa kuangalia kazi au masomo, mahusiano, kujitunza, na fujo. Msimamo wangu: kitumike kliniki zote, na wa kuulizwa kwanza awe ndugu anayeishi na mgonjwa.

Mchangiaji (Lindi):
Kaka, hapo kwa ndugu nakupinga. Mimi ndiye mgonjwa. Nyumbani kwetu napimwa kwa pesa. Oktoba hadi Desemba nikiokota korosho magunia yakajaa, nimepona. Machi hakuna kibarua, vijana wote wako kijiweni, ila mvivu naitwa mimi. Nikimdai shemeji hela yangu ya mauzo, "ugonjwa umepanda". Huyo ndiye aulizwe kwanza?

Nesi (Mtwara Mjini):
Dada ana hoja nzito. WHODAS, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima mtu anavyomudu maisha ya kila siku, inauliza kuhusu siku 30 zilizopita. Ukipima Novemba ukarudia Machi, unaweza kudhani mtu kaporomoka kumbe msimu umeisha. Hata hivyo naitetea: ina toleo la maswali 12, dakika 5 hivi, na mgonjwa anaweza kujibu mwenyewe au ndugu akajibu. Inauliza kuoga, kuvaa, kuongea na usiowajua, kudumisha urafiki, kushiriki shughuli za jamii. Ila foleni ya kliniki mnaijua.

Mwanzisha mada:
Dada, la shemeji nimelielewa. Lakini binamu yangu kila ukimwuliza anajibu "sina shida", huku hajala tangu jana. Basi waulizwe wote, kila mmoja peke yake. Majibu yakipishana, nesi aende nyumbani akaone.

Mchangiaji (Lindi):
Peke yake, sawa. Ila mimi ngomani na kwenye mikusanyiko sikuwa mtu wa kwenda hata kabla sijaumwa, msinipunguzie alama kwa hilo. Ninachotaka ni kurudi feri kuuza samaki na kushika hela yangu mwenyewe. Kwenye hayo maswali 12, nesi, lipo linaloniuliza nataka nini?