Kutoka dushi hadi benwari: nywele ndefu zioshwe vipi?

Keshero_Nywele

Habari zenu, watu wa Goma na Bukavu. Nyumba tuliyohamia haina dushi. Ina benwari (beseni kubwa la kuogea) ya zamani yenye robine (bomba la kufungulia maji) moja ya maji baridi, na maji ya bomba yanakuja saa chache tu za usiku, kwa hiyo mara nyingi tunatumia bidoni, yaani madumu ya lita 20.

Mwili hauna tatizo, tatizo ni nywele. Ni za asili, hazina defriza (dawa ya kunyoosha nywele), nikizivuta zinafika katikati ya mgongo. Tangu tuache dushi, kila zikioshwa zinabaki nzito, zinanata kama zimepakwa nta, na zikikauka kuna unga mweupe mizizini. Kuzichana ni kilio. Ninavyofanya: natia bidoni nne kwenye benwari, nakaa ndani, nasugua nywele kwa sabuni ya kipande, halafu najilaza nyuma na kuzisuuza mule mule. Nakosea wapi? Na kuna namna ya kuziosha vizuri bila kumaliza bidoni za nyumba nzima?

Saluni_Katindo

Dada, pole. Makosa ni mawili: sabuni ya kipande, na kusuuza mule mule. Habari ya sabuni nawaachia wanaojua mambo ya maji. Mimi naanza na kusuuza.

Kwenye dushi maji yanaingilia mzizini, yanatokea nchani, yanaenda zake. Hayarudi. Ndani ya benwari unayarudisha kichwani maji yale yale yenye jasho, mafuta ya mwili na povu, na nywele ndefu zinayachuja kama kitambaa cha kuchujia maziwa. Basi geuza mpango: nywele kwanza, benwari ikiwa tupu, mwili baadaye. Kaa ndani, mgongo wima, kichwa umekirudisha nyuma kidogo, ndoo kando yako na kopo la lita moja mkononi. Usiiname mbele ukatupa nywele usoni. Nywele za urefu huo zikipinduliwa na povu zinafungana kisogoni na nyuma ya masikio, na vifundo hivyo ndivyo chanuo linaving'oa.

Lita 12 zinatosha kichwa kizima: tatu za kulowesha, tatu za kutoa shampuu, tano za kutoa apreshampuu (krimu ya kulainisha nywele baada ya shampuu), na moja ibaki ya kumalizia. Bidoni moja inatosha, na zinabaki lita nane za kuogea.

Kabla ya tone la kwanza la maji, zifumue kwa vidole zikiwa kavu. Gawa mafungu sita, kila fungu ulisokote kwa ulegevu. Mafungu hayo hayafunguliwi mpaka shampuu itoke. Shampuu nayo usiimimine nzito mkononi. Chukua chupa ndogo ya maji ya kunywa, tia vijiko viwili vya shampuu na vinane vya maji, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kisha pitisha mdomo wa chupa kwenye ngozi, kwenye mistari kati ya fungu na fungu. Ikiwa nyepesi hivyo inafika kwenye ngozi, na inatoka kwa maji machache. Sugua kwa nyama za vidole, si kwa kucha. Usirundike nywele juu ya utosi kama matangazo yanavyoonyesha. Povu linaloshuka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha ncha.

Kisha fungua fungu moja moja, lipake apreshampuu kuanzia usawa wa sikio kushuka chini, uchane kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Hapo tu ndipo pa kuchana. Nywele iliyolowa inanyumbuka sana na inakatika upesi, kwa hiyo lazima iwe na utelezi. Baada ya dakika tatu suuza fungu moja moja. Kujua kama imetoka, kamua ncha za fungu moja ndani ya kopo jeupe. Maji yakitoka na wingu kama ya kuoshea mchele, ongeza nusu lita.

Maji_ya_Kivu

Naendelea pale Saluni alipoachia.

Unga ule mweupe si mba. Maji yetu ya Goma yanavutwa Ziwa Kivu, na Kivu ina magnesiamu na bikaboneti nyingi kuliko maziwa mengine mengi. pH (kipimo cha asidi: ikipanda juu ya 7, maji hayana asidi) ya maji ya juu ya ziwa ni kama 9. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu na kalisi (kalsiamu) inageuka utando usioyeyuka. Ni ule mstari wa kijivu unaobaki ukutani mwa benwari maji yakishuka. Huo huo uko kwenye nywele zako: ukiwa umelowa unanata, ukikauka unakuwa unga. Kuongeza sabuni ni kuongeza utando. Shampuu imetengenezwa kwa namna nyingine, haifanyi utando huo, kwa hiyo hata ya bei ndogo ni bora kichwani kuliko sabuni nzuri.

Ukitaka kujua maji uliyonayo ni ya aina gani, weka nusu glasi kwenye chupa, kwangua vipande vidogo vya sabuni, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama, maji ni laini. Ukiona vipande vyeupe vinaelea na povu linakufa, ni magumu.

Kwa utando ulioshika tayari, mara ya kwanza fanya hivi: changanya vijiko vitatu vya supu vya siki nyeupe ya jikoni na lita moja ya maji, loweshea nywele, subiri dakika mbili, ndipo utie shampuu. Siki inauvunja utando lakini inaacha mafuta yake, na mafuta hayo yanaondolewa na shampuu. Ukianza na shampuu na kumaliza na siki, nywele zitabaki na ulaini mbaya wa mafuta. Mara moja au mbili inatosha.

Baada ya hapo siki inahamia mwisho, kwenye ile lita ya kumalizia. Maji yenye pH ya juu yanavimbisha nywele na kuinua magamba yake, nazo zinakwaruzana. Asidi kidogo inayalaza. Wengi wanasema kijiko kimoja kwa lita. Kwa maji ya mvua ni sawa, ila kwa maji ya ziwa tia viwili, kwa sababu bikaboneti inakula cha kwanza. Ukitazama kwa karibu utaona vitone vya hewa vikipanda, hiyo ndiyo siki inayoliwa. Mimina, usisuuze tena. Harufu inaisha nywele zikikauka. Kama ngozi ya kichwa ina vidonda au mikwaruzo, acha mpaka ipone, na funga macho.

Maji ya mvua yanafaa sana kwa hiyo lita ya mwisho, lakini mvua ya kwanza baada ya siku kavu iache ipite. Inaosha vumbi la lava na majivu ya volkano juu ya mabati, na chembe zile zinakata nywele kama msasa. Yapitishe kwenye kitambaa. Ni ya nywele tu, si ya kunywa.

Papa_Ndosho

Si rahisi zaidi kushuka ziwani na kuoshea hapo? Maji hayana mwisho.

Maji_ya_Kivu

Papa, kwa heshima, hapana. Maji ya ukingoni ndiyo yenye hatari ya kipindupindu, na mtu anayeosha nywele ndefu anayaingiza mdomoni bila kutaka. Tumia maji yaliyotiwa klori.

Keshero_Nywele

Aksanti sana wote. Nina maswali matatu. Maji ya moto kiasi gani, maana asubuhi ni baridi? Binti yangu ana rasta za meshi (nywele bandia za kusukia), naye nimwoshe hivyo hivyo? Na mtu dukani ananiuzia tuyo ya mpira yenye kichwa cha dushi ya kuvalisha kwenye robine. Ninunue?

Fundi_Plombye

Mama, naanza na tuyo. Presha ikiwa ndogo haitatoa kitu. Presha ikija ghafla usiku mpira unaruka. Ukiinunua, ifunge kwa kolye (pete ya kubania) ya chuma. Kubwa zaidi: usiache kichwa chake kimelala ndani ya maji ya benwari. Maji ya mji yakikatika, bomba linavuta hewa, na tuyo itafyonza maji machafu ya benwari kuyaingiza kwenye bomba lenu la kunywa. Itundike juu kila mara.

Kwa maji yanayokatika, bidoni ya kutundika ni bora. Usiitoboe ubavuni, mkono hauingii ndani kukaza nati. Toboa kifuniko. Chukua robine ya plastiki ya nusu inchi, pasha msumari mnene, fungua tundu kwenye kifuniko na ulipanue kwa kisu mpaka robine ipite kwa shida. Kata jointi (pete za kuzuia kuvuja) mbili za chambeeri (mpira wa ndani wa gurudumu) ya baiskeli, moja ndani moja nje, zungusha tefloni (utepe wa mafundi bomba) kwenye meno mara nne au tano, kaza nati upande wa ndani. Pindua bidoni. Kwenye sakafu yake, ambayo sasa iko juu, kata mlango wa upana wa kiganja. Hapo unajazia kwa kopo, na hewa inaingilia hapo. Bila njia ya hewa maji yanatoka kwa kukwama-kwama kisha yanasimama.

Kila mita moja ya urefu inakupa kama bari 0.1 tu, kwa hiyo kichwa cha dushi cha dukani kitaziba nguvu yote. Weka kichwa cha arozwari (kopo la kumwagilia bustani). Ukioga umekaa, bidoni ikiwa mita moja na nusu hivi juu ya kichwa chako inatosha. Robine ukiifungua nusu, lita 20 zinakupa karibu dakika nane. Ikijaa ina kilo 20 na zaidi: rafu ya mbao yenye tundu la shingo, na vishikizo vilivyoingia kwenye tofali, si kwenye plasta. Isitundikwe kwa kamba.

Maji ya moto: Goma iko juu, karibu mita 1,500, kwa hiyo yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Lita mbili za maji yanayochemka kwenye lita nane za baridi zinakupa uvuguvugu wa digrii 36 au 37, ndio unaofaa kichwa. Kwa benwari ya lita 80 weka lita 16 mpaka 18 za moto. Baridi itangulie, moto ufuate, hasa kukiwa na mtoto karibu. Changanyia kwenye ndoo, si ndani ya bidoni: maji ya moto yanalegeza plastiki, na kifuniko kinaanza kuvuja kwenye jointi.

Na tafadhali, mbabula (jiko la makaa) ibaki nje. Kuingiza mbabula ya makala bafuni ili chumba kipate joto kunaua. Gesi ya makala haina harufu, na mtu aliyelala ndani ya maji ya moto anadhani ni usingizi.

Saluni_Katindo

Fundi kasema vema. Kwa binti: chupa ile ile, ila kijiko kimoja cha shampuu kwa vijiko vinane vya maji. Pitisha kwenye mistari ya ngozi tu, bonyeza kwa vidole bila kuzungusha, ukizungusha mizizi inatoa manyoya. Rasta zishike pamoja kwa mkono mmoja kama mkia, mimina maji kutoka juu, kamua kushuka. Apreshampuu nzito iache kabisa, inakwama ndani ya meshi na kufanya utando mweupe pale nywele zinapoungana na meshi.

Kuosha kwenye benwari rasta hazina shida. Shida ni kukauka. Mwoshe kabla ya saa sita mchana. Kamua kwa tisheti ya pamba, si taulo, kisha zitawanye. Shika rasta nene ya kisogoni usawa wa mzizi, ibonyeze kwa karatasi laini. Karatasi ikitoka na unyevu, asifunge fulari (kitambaa cha kichwa) wala asilale nazo. Unyevu uliofungiwa usiku mzima ndio unaoleta ile harufu ya nguo isiyoanikwa, na ikishika meshi haitoki, mpaka kufumua. Seshwari (mashine ya kukausha nywele) ikiwepo, iwe kwenye joto dogo.

Keshero_Nywele

Nimeelewa. Nikimaliza kuosha, ule mstari wa kijivu kwenye benwari nautoa kwa javeli (dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe), sivyo?

Fundi_Plombye

Mama, si siku hiyo ya siki! Javeli ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linajaa haraka. Mstari ule ni utando wa sabuni: siki na eponji vinautoa vyenyewe, javeli haiuwezi hata kidogo. Ukitaka javeli kwa ajili ya vijidudu, suuza benwari kwa maji mengi kwanza, au uifanye siku nyingine.

Na kabla hujaosha tena, kata kipande cha chandarua cha zamani, ukikunje mara mbili, ukiweke juu ya tundu la kutolea maji. Nywele ndefu zinajisokota kwenye sifo (kona ya bomba chini ya tundu, inayobaki na maji) na kushika utando, na baada ya miezi michache maji hayashuki. Kama yameshaanza kuchelewa, weka beseni chini ya sifo, fungua kikombe chake, vuta kwa waya uliopindwa ncha. Soda kostiki usiimwage: kwenye benwari za zamani bomba la chini mara nyingi ni plastiki nyembamba, na ile soda ikiyeyuka inachemka hadi kuilainisha.