Bibi na watoto: maonyesho ya kaunti, Cheyenne au Iowa State Fair?

MamaTumaini (Omaha)

Wadau, salaam. Mama mkwe amekuja kutoka Kahama, tuko naye hapa Omaha, Nebraska, mpaka mwisho wa Agosti. Ameshaona maduka na bustani ya wanyama, na kwa heshima yake amesifu kila kitu. Lakini juzi tukiwa barabarani akaona uwanja umejaa ng'ombe weusi, mamia kwa mamia, akaniuliza, "Wenyewe wako wapi? Mbona simwoni hata mchungaji mmoja?" Tangu siku hiyo nawaza kumpeleka mahali atakapokutana na wenye ng'ombe uso kwa uso.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni maonyesho ya kaunti ya jirani, saa moja na nusu kwa gari, wana rodeo, yaani mashindano ya kauboi ya kupanda madume na kunasa ndama, Ijumaa na Jumamosi usiku. Ya pili ni Cheyenne Frontier Days, rodeo kubwa kule Wyoming, ambayo baba watoto ndiyo anayoitaka. Ya tatu ni Iowa State Fair, maonyesho ya jimbo zima la Iowa, Des Moines, Agosti. Watoto wana miaka 6 na 11. Bibi magoti yanamsumbua, jua kali halimfai. Siwezi kulipia zote. Waliokwenda naombeni mnieleze, na mniambie pia kama mtu mweusi aliyevaa kitenge atakaa kwa amani huko mashambani.

DerevaMasafa

Shemeji, mimi hupita barabara kuu ya I-80 kila wiki, kwa hiyo nianze na barabara. Omaha hadi Cheyenne ni karibu kilomita 800. Hesabu saa saba na zaidi, na hapo hujamsimamisha mama anyooshe miguu.

Cheyenne nimeingia mara mbili. Ni rodeo kubwa kwelikweli, ilianza 1897, inachukua siku kumi mwishoni mwa Julai, na wanaoshindana wengi ni watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Rodeo yenyewe ni mchana jua likiwa utosini, usiku ni muziki. Mji uko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na alasiri za Julai mawingu hufunga ghafla ikashuka mvua ya mawe. Hoteli wiki ile zinajaa mapema na bei inapaa. Kuna asubuhi wanagawa panikeki bure katikati ya mji, maelfu ya watu wanapanga foleni kwa utulivu. Hilo lilinipendeza sana.

Ukiwa mtu wa rodeo hasa, nenda. Lakini kama unataka mama aongee na mwenye ng'ombe, pale wengi atawaona kutoka jukwaani. Kama mzee ameshikilia rodeo ya uhakika, mwambie kuna Burwell hapo hapo Nebraska, saa tatu na ushee kutoka kwenu. Mji wa watu elfu moja na kidogo tu, na rodeo yao ni ya tangu 1921.

MtotoWaUvira (Des Moines)

Mama Tumaini, karibu kwetu. Iowa State Fair tunaenda kila mwaka na familia tatu za hapa. Ni siku 11, watu wanavuka milioni moja. Tangu 1911 kuna ng'ombe wa siagi. Ni ng'ombe wa ukubwa wake halisi, siagi kama kilo 270 imepakwa juu ya mifupa ya mbao na waya, amewekwa ndani ya chumba cha kioo chenye baridi. Watoto wangu hawatoki pale. Kuna na shindano la nguruwe dume mkubwa kuliko wote, mshindi huvuka kilo 450, analala tu, hata kusimama ni kazi.

Ila niseme ukweli kuhusu miguu. Uwanja ni mkubwa na una vilima. Mama yangu mdogo tulimkodia kiti cha magurudumu, na bado tulichoka wote. Usije kwa ajili ya rodeo, huku rodeo si kiini cha mambo. Njoo kwa mifugo, chakula na mashine. Ukija, njoo siku ya kazi, Jumamosi hapapitiki.

Mwalimu_Kansas

Nachagua maonyesho ya kaunti bila kusita. Nafundisha sekondari katika mji mdogo, mwaka wa tisa sasa, na wanafunzi wangu nusu wana mnyama pale kila Julai.

Dada, wengi wa mjini hufika jioni, wanapanda bembea, wanaangalia rodeo, wanaondoka. Wamekosa kilicho bora. Fika saa mbili asubuhi uende moja kwa moja kwenye mabanda. Utakuta watoto wa miaka 9, 12, 15 wanawaogesha maksai kwa bomba, wanawakausha kwa mashine ya upepo, wanachana manyoya kuelekea juu ili mguu uonekane mnene. Baadaye wanavaa shati safi, wanaingia ulingoni na kijiti kirefu chenye ncha. Kwa ncha ile wanapanga kwato za mnyama zikae sawa, halafu wanamkuna tumbo taratibu ili atulie. Jaji hapiti tu akagawa zawadi. Anashika kipaza sauti na kueleza mbele ya wote kwa nini huyu wa kwanza na yule wa nne: mgongo, mapaja, anavyotembea. Mama mkwe wako atayaelewa yote hayo kabla hujamtafsiria.

Watoto hawa wako katika 4-H, chama cha vijana kilichoanzia Ohio mwaka 1902. Herufi zile nne ni kichwa, moyo, mikono na afya, na nembo ni jani la kijani lenye vipande vinne. Ukiona makoti ya bluu, hao ni FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo wa shule za sekondari, cha tangu 1928. Utepe wa bluu ni wa kwanza, mwekundu wa pili, mweupe wa tatu, na wa zambarau ni wa bingwa wa mabingwa.

Kisha kuna mnada. Mtoto amemlisha mnyama miezi kadhaa, ameandika kila gunia la chakula kwenye daftari, sasa anamzungusha mbele ya wanunuzi. Muuza mbegu na fundi wa matrekta wananunua kwa bei iliyo juu kuliko ya soko, kwa makusudi kabisa, na wengi wa watoto huweka hela ile kwa ajili ya chuo. Nimemwona mwanafunzi wangu, kijana mrefu wa futi sita, akivua hatamu na kulia na uso wake kwenye shingo ya ng'ombe. Hakuna aliyemcheka. Kwetu Nane Nane tunaonyesha mbegu na matrekta na mifugo bora, na Wakenya wana maonyesho yao ya ASK, lakini mtoto kupewa nafasi ya namna hii sijaiona kwetu, na naitamani.

Kuhusu kitenge: watu watakuangalia, kisha watakusalimia. Wakikuuliza umetoka wapi, waambie mama anafuga. Mazungumzo yatafunguka.

BintiWete

Kwa wenye kula halali: ile soseji ya kijiti iliyovikwa unga wa mahindi mara nyingi ina nguruwe ndani, na vibanda vingine hukaanga kila kitu katika mafuta yale yale. Uliza kabla. Keki ile ya unga unaomiminwa kwenye mafuta ikajisokota, ukiila utakumbuka kaimati. Mahindi ya kuchoma na maji ya ndimu hayana shaka.

Rodeo inapoanza, binti juu ya farasi huzunguka uwanja mbio na bendera, halafu huja dua ya Kikristo na wimbo wa taifa. Wote husimama na kofia huvuliwa. Mimi husimama kimya kwa adabu, sijawahi kusumbuliwa.

Nimekulia Pemba, mchezo wa ng'ombe naujua tangu utoto, dume anachezwa kwa nguo na hauawi. Kwa hiyo kumwona mtu juu ya dume hakunitishi. Kinachoniumiza ni ndama. Anafunguliwa, anakimbia, kitanzi kinamnasa shingoni naye bado yuko mbioni. Sipendi, na huwa natoka na wanangu nje mpaka kipengele kile kiishe.

Mwalimu_Kansas

BintiWete, nakuheshimu kwa hilo, na mke wangu anafanya kama wewe. Kauboi anaruka kutoka farasi, anamlaza ndama, anamfunga miguu mitatu, na ndama lazima akae amefungwa sekunde 6. Ni kazi halisi ya malisho, hivyo ndivyo walivyomshika ndama wa kutibiwa, lakini kwenye malisho hakuna saa ya kushindana nayo. Waandaaji hutoa ratiba, kwa hiyo unaweza kujua lini utoke.

Mama Tumaini, mweleze mtoto wa miaka 11 haya kabla, atafurahia zaidi: mpanda dume hukaa sekunde 8, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili ukimgusa mnyama au ukijigusa mwenyewe, basi, hakuna alama. Alama jumla ni 100, nusu ni za mpandaji na nusu ni za mnyama. Yaani dume mvivu anakunyima ushindi. Ile ya kuruka kutoka farasi na kumwangusha maksai kwa pembe aliianzisha Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa 1870. Wanahistoria hukadiria kwamba katika zama zile za kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kaskazini, kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Mtoto wako akae pale jukwaani akijua hilo.

DerevaMasafa

Na yule wa miaka 6 mwandikishe apande kondoo! Kikomo mara nyingi ni kilo 27. Wanampa kofia ngumu, wewe unasaini karatasi. Nafasi huisha mapema. Na mkitoka mabandani mnawe kwa sabuni kabla ya kula chochote, vijidudu vya samadi havina mchezo kwa watoto.

MamaTumaini (Omaha)

Nimerudi kuwaletea majibu, mnastahili. Tulikwenda ya kaunti, Ijumaa, tukafika saa mbili na nusu asubuhi.

Banda la pili bibi akasimama mbele ya maksai mwekundu aliyeshikwa na binti wa miaka 13 hivi. Akamtazama mnyama kuanzia kwato mpaka nundu isiyokuwepo. Akauliza, "Huyu analima?" Nikatafsiri. Binti akasema hapana, kesho anauzwa mnadani. Akatutajia jina la maksai. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie na mimi ng'ombe wangu wana majina. Na mwambie amemtunza vizuri, ngozi inateleza." Akapitisha kiganja ubavuni, akakiinua kumwonyesha binti: hakuna hata vumbi. Yule mtoto akaita wazazi wake, na baba mtu akaleta kiti. Bibi alikaa pale karibu saa nzima, mimi nikitafsiri mpaka koo likakauka: wanakula nini, majani hukauka mwezi gani, mtamba huzaa akiwa na umri gani, wezi wapo?

Rodeo ilianza saa moja jioni. Mdogo alikaa juu ya kondoo hatua kama sita, akaanguka kwenye mchanga, akainuka akiwa amekunja ngumi juu. Mkubwa alihesabu sekunde za kila dume kwa sauti. Kwenye ndama tulitoka, kama BintiWete alivyosema, na bibi alitoka nasi. Alisema kwao ndama hushikwa kwa mikono.

Jumamosi asubuhi bibi alikuwa ameshavaa viatu kabla hatujaamka. Alitaka kujua nani atamnunua maksai mwekundu. Tukarudi. Alinunuliwa na mwenye duka la vyakula vya mifugo, kwa bei iliyomfanya bibi aniulize mara mbili kama nimesikia sawasawa. Binti alipotoka ulingoni na hatamu tupu mkononi, bibi alimfuata akamshika mkono, wakatembea hivyo mpaka bandani.

Baba watoto sasa ameandika Burwell kwenye kalenda ya mwakani. BintiWete, niliuliza habari ya mafuta: mwenye zile keki alikuwa na karai lake peke yake, nikala mbili.