Jeni ya EPSPS kwenye Eleusine indica: vilele viwili kodoni ya 102 na 106

mbegu_kavu: Wakuu, naomba msaada. Nimesoma EPSPS (jeni ya kimeng'enya ambacho dawa ya magugu glaifoseti hukizuia) ya gugu Eleusine indica lililopona glaifoseti, lita 3 kwa hekta ya ile ya gramu 360 kwa lita. Kodoni ya 106 (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) ina vilele viwili kwenye grafu ya usomaji, C na T, na ya 102 vivyo hivyo. Niandike kwamba ni TIPS (mabadiliko ya 102 na 106 kwa pamoja kwenye nakala moja ya jeni), kama ya Malaysia?

kodoni: Bado, mkuu. Ukisoma zao la PCR (DNA iliyonakiliwa maabara) moja kwa moja unapata kromosomu zote mbili kwa mkupuo, hivyo hujui kama T mbili zimekaa kwenye nakala moja au kila moja kivyake. Ingiza zao hilo kwenye plasmidi (duara dogo la DNA linalokuzwa ndani ya bakteria), usome koloni 8 hadi 10 za bakteria, kila moja peke yake. Tumia polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) yenye usahihi wa juu. Taq ya kawaida huruka kutoka nakala moja hadi nyingine, ukapata mseto usiokuwepo shambani.

Mimi naweka dau kwenye nakala moja. Prolini ya 106 ndiyo hutangulia kuwa serini (CCA kuwa TCA), kisha threonini ya 102 inageuka isolusini juu yake. Tofauti si ndogo: 106 pekee huongeza usugu mara chache tu, TIPS zaidi ya mara 180.

shina_la_ulezi: Kabla ya plasmidi, una hakika ni indica? Kwenye mashamba ya ulezi kuna E. africana, na zikiwa changa huzitofautishi. Indica ina kromosomu 18, africana na ulezi 36. Hizo za 36 zina jenomu mbili (seti mbili tofauti za jeni), kwa hiyo vilele viwili vinaweza kuwa tofauti ya jenomu tu, wala si usugu. Chukua lenzi utazame kigamba cha chini cha kishuke: indica ina mshipa mmoja, africana miwili au mitatu.

mbegu_kavu: Mshipa mmoja, yote. Ila kuna iliyopona bila badiliko lolote 102 wala 106.

kodoni: Hiyo ipime idadi ya nakala za EPSPS kwa qPCR (PCR inayopima kiasi cha DNA), ukilinganisha na jeni nyingine ya mmea huo, ALS. Tumia DNA, si RNA. Uwiano ukizidi 1 kwa mbali, mmea unatengeneza kimeng'enya kingi kuliko dawa. China wameshaikuta kwenye gugu hilihili.

Sambamba na hilo, kata vipande vya jani vya milimita 4, viloweke kwenye glaifoseti chini ya taa saa 16 hadi 24, kisha pima asidi ya shikimiki, inayorundikana kimeng'enya kikizuiwa, kwa mwanga wa nanomita 380. Weka na mmea usio sugu wa kulinganisha. Ikipanda sawa na ya huo, kimeng'enya kinazuiwa kama kawaida. Hapo nitaanza kuuliza maji ya bomba la kupulizia: yakiwa na tope, udongo unaishika glaifoseti kabla haijafika jani.

shina_la_ulezi: Na kama mimea ilikuwa na vumbi, ni hayohayo.