Nimerudia mbegu ya haibridi, mahindi yametoka marefu na mafupi

Mama Shamba, Bahati: Hamjambo wakulima wenzangu. Mwaka jana nilipanda haibridi ya dukani, mahindi yakasimama sawasawa kama gwaride. Mwaka huu karo imenibana, nikachagua mahindi makubwa ghalani nikayarudia kama mbegu. Sasa yanatoa mbelewele na shamba halieleweki: mengine yananipita kichwa, mengine yako kiunoni. Niongeze mbolea ya CAN? Na nikitoa mbegu kwa yale marefu pekee, mwakani yatalingana?

Jirani wa Rongai: Hiyo ni njaa ya udongo, mama. Ongeza tu.

Mzee wa Kitale: Pole, mama, lakini usikimbilie mbolea. Angalia mashimo yenye miche miwili. Udongo ukiwa na njaa, mafupi hukaa pamoja, kibandebande. Ukikuta mrefu na mfupi shimo moja, chanzo ni mbegu. Tena mbelewele zikishatoka, CAN imechelewa.

Haibridi huzaliwa na wazazi wa koo tofauti. H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964 ilichanganya mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Udhaifu wa huyu unafunikwa na yule, ndiyo maana mtoto huwapita wazazi kwa urefu na mazao. Ukirudia mbegu, jeni zinagawanyika upya. Wazazi wakiwa ni koo mbili safi, nusu ya ile nguvu iliyozidi hupotea kizazi cha pili, na udhaifu uliofichwa unajitokeza. Urefu wa mahindi hubebwa na jeni nyingi mno, kwa hiyo kuchagua marefu hakutarudisha usawa. Tena utajikusanyia mahindi ya kulazwa na upepo.

Kijana wa Njoro: Mzee, mbona ngano yetu tunarudia mbegu na inabaki fupi vilevile?

Mzee wa Kitale: Swali zuri sana. Ngano hujichavusha yenyewe, na ufupi wake umeshikwa na jeni chache zenye nguvu, zile mtafiti wa ngano Norman Borlaug alizopata kwa Norin 10, ngano fupi ya Japani. Zikishatulia, mtoto ni mama. Mahindi yako huchukua chavua hata ya jirani. Mama, kama lazima urudie, nunua mbegu isiyo haibridi, inayochavushwa wazi. Hiyo hurudiwa misimu kadhaa.

Mama Shamba, Bahati: Nimetoka shambani sasa hivi. Shimo la tano, mstari wa kwanza: mmoja umenipita kwa shibiri mbili, mwenzake uko kwenye mshipi wangu, na yote miwili ina majani ya kijani kibichi. Asante, mzee. Pesa ya CAN naiweka, Machi ninunue mbegu.