Ndege ya kwanza ya kivita: Spitfire, Mustang au Trojan?

Bawa_Chini

Habari wakuu. Nimerusha ndege ya modeli ya rimoti, ya mafunzo, yenye bawa la juu, msimu mzima. Sasa natua bila kuvunja propela, na jairo, kile kifaa kinachoiweka ndege sawa chenyewe, nimeshaizima. Nataka kuhamia ndege za kivita na nimebakiwa na tatu, zote za povu na za mota ya umeme, mabawa kati ya milimita 1,200 na 1,450: Spitfire, P-51 Mustang na T-28 Trojan.

Moyo wangu uko kwa Spitfire tangu utotoni. Lile bawa la duaradufu nikiliona hata pichani nasimama. Lakini kila ninayemuuliza ananikataza kuanza nayo, na hakuna anayenieleza kwa nini. Naombeni sababu. Uwanja ninaorushia ni wa nyasi, hufyekwa, ila si zulia.

Kipanga

Mkuu, anza kuangalia miguu. Ipindue Spitfire chali uone miguu ilipofungiwa: karibu kabisa na kiwiliwili, na inakunjwa kwenda nje. Ikishushwa, magurudumu yanakaribiana. Mustang ni kinyume, miguu imefungwa mbali bawani na inakunjwa kwenda ndani, kwa hiyo inasimama imetanua. Aliyetengeneza modeli hana kosa hapo, kwani ndege halisi ndivyo zilivyoundwa. Bf 109 ya Wajerumani nayo ina shida hiyohiyo ya miguu kubanana.

Juu ya nyasi tofauti hiyo ni kubwa. Gurudumu moja la Spitfire likinasa kidogo tu, ndege inalalia bawa, pua inainama, propela inakatika. Mustang inaweza kupiga pua chini, maana nayo ni ya gurudumu la mkiani, lakini haipepesuki kwa ubavu. Trojan ina gurudumu la puani, kwa hiyo inakimbia chini kama hiyo ya mafunzo uliyoizoea.

Mwewe_72

Miguu itakugharimu propela. Ncha za bawa zitakugharimu ndege nzima.

Nilikuwa na Spitfire ndogo ya milimita 1,100. Siku hiyo nilikuwa kwenye kona ya mwisho kuja kutua, upepo ukiwa nyuma ya ndege. Kwa macho ilionekana inakwenda kasi, kumbe hewani ilikuwa imeshapungua sana. Nikapunguza nguvu, nikavuta eleveta (kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) kidogo pua isishuke. Bawa la kushoto, lililokuwa ndani ya kona, likaanguka ghafla. Mkono wenyewe ukasukuma eleroni, vile vibao vya bawani vya kulaza ndege, kulia. Eleroni ya kushoto ikashuka, ikaongeza pembe ya bawa ambalo tayari lilikuwa limeshindwa kushika hewa, na ndege ikajibiringisha hadi chini. Tangu kona ianze haikufika sekunde 2.

Sababu ni hii. Kadiri bawa linavyokuwa jembamba kuelekea nchani, ndivyo ncha inavyowahi kupoteza hewa kwenye modeli ndogo. Waliounda Spitfire halisi walilipinda bawa, pembe ya ncha ikainama kidogo kuliko ya shina (pale bawa linaposhikana na kiwiliwili), ili shina ndilo litangulie kulegea, yaani kupoteza hewa. Modeli nzuri nazo zimefuata hivyo. Ukinunua iliyotumika, itazame kutoka nyuma, jicho likiwa usawa wa bawa. Kama pembe ya ncha imeinuka kuliko ya shina, iache.

Upepo_Pembeni

Mimi nashauri Trojan bila kusita. Najua wapo watakaosema ni ya mafunzo, si ya kivita. Ni kweli iliundwa kwa ajili ya mafunzo na iliruka mara ya kwanza mwaka 1949, lakini aina ya T-28D ilifungwa silaha na kupigana Asia ya Kusini-Mashariki. Ukiining'iniza mabomu na kuipaka rangi ya kijani na udongo, hutaona aibu nayo.

Halafu usilinganishe urefu wa mabawa peke yake. Chukua uzito ikiwa na betri, ugawe kwa eneo la bawa. Ndege ya gramu 1,200 yenye bawa la desimita za mraba 20 inabeba gramu 60 kwa kila desimita. Uzito huohuo juu ya desimita 30 ni gramu 40. Ya pili inakuja kutua polepole na inakupa muda wa kufikiri. Kabla ya kununua yoyote, piga hesabu hiyo.

MzeeWaBalsa

Vijana, mnamkatisha tamaa mwenzenu mapema mno. Spitfire inarushika, sharti aache magurudumu. Avue miguu, mwenzake aitupe kwa mkono, na atue kwa tumbo kwenye nyasi akiwa amezima mota. Uzito unapungua, na suala la miguu linaisha. Nimerusha hivyo miaka mingi.

Nawakubalia kwa povu, ingawa mimi ni mtu wa balsa, ule mti mwepesi. Ndege ya balsa ikianguka unaokota mbavu moja moja na kukaa wiki mezani. Povu unalibandika jioni, kesho unaruka. Ila ujue povu lako ni la aina gani: EPO inavumilia gundi ya haraka, EPS inayeyuka mbele ya macho yako. Injini ya methanoli ina sauti ambayo mota haitaifikia kamwe, na bado naipenda, lakini inatema mafuta ndege nzima na inahitaji kurekebishwa kila hali ya hewa ikibadilika. Aanze na umeme.

Sasa mbona hakuna aliyetaja Hurricane? Bawa lake ni nene, miguu imetanuka na inakunjwa ndani. Mwaka 1940, katika mapigano ya anga ya Uingereza, Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi kuliko Spitfire.

Bawa_Chini

Shikamoo mzee. Hurricane sikuifikiria hata kidogo! Nimekaa na picha zake tangu jana, na ule mgongo wake ulioinuka umeanza kunikaa moyoni. Ila kutupa kwa mkono naogopa, huwa narusha peke yangu.

Nimepiga hesabu ya Upepo_Pembeni. Spitfire niliyoitaka inabeba gramu 71, Trojan 48. Nimeelewa. Naichukua Trojan, na Hurricane itafuata. Niangalie nini siku ya kwanza?

Mwewe_72

Kitovu cha uzito, kabla ya chochote. Weka betri mahali pake, funika, kisha inyanyue kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kwenye alama ya kitabu. Pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, usirushe hata kama watu wamekusubiri, sogeza betri mbele kwanza.

Unapoondoka, ongeza nguvu taratibu. Propela itaivuta kushoto, nawe uizuie kwa usukani wa mkia, si kwa eleroni. Ikishapanda juu, punguza nguvu na uivute eleveta hadi bawa lilegee, mara 3 au 4, ujue inavyotikisika kabla ya kuanguka. Ukishaijua dalili hiyo huko juu, utaitambua kwenye kona ya mwisho.

Kipanga

Na betri: weka kengele ya dakika 5 kwenye rimoti mwanzoni, hata kama kitabu kinasema 8. Ukimaliza siku usiiache imejaa volti 4.2 kwa seli, irudishe kwenye 3.8. Ikivimba, hiyo si ya kuruka tena.

Bawa_Chini

Nimeandika yote. Jumamosi asubuhi upepo ukiwa umelala naenda, na jioni nawaletea habari.