"Kiasi ni kiasi" ndiyo jibu la kumpa mteja? Huu mfumo wa manunuzi umenidhalilisha

Binti_Manunuzi: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ule mfumo wa manunuzi mnaujua, siutaji. Ukifungua fomu ya LPO, ile oda ya kununua inayoenda kwa msambazaji, unakuta safu tatu: Bidhaa, Kiasi, Kiasi. Basi! Kiasi cha nini? Mifuko au hela?

Nikajaza kama binadamu yeyote, idadi kwanza, fedha baadaye. Simenti mifuko 200, shilingi 3,400,000. LPO ikamfikia msambazaji inasema tunataka mifuko 3,400,000 kwa shilingi 200! Tani 170,000 hizo, unajenga ngazi mpaka mwezini na simenti inabaki, kwa hela isiyotosha hata andazi na chai!

Napiga huduma kwa wateja, simu iko spika, bosi kasimama pembeni. Kijana ananisikiliza mpaka mwisho, halafu: "Dada, kiasi ni kiasi." KIASI NI KIASI! Mbele ya bosi! Na msambazaji keshairusha LPO kwenye grupu la mafundi, wananiita Mama Kiwanda.

Kuna ugumu gani kuandika "Idadi" hapa na "Jumla ya fedha" pale, na kipimo pembeni, mfuko au tani? Eti kiasi ni kiasi. Mpaka naingia kaburini sitamsahau yule kijana.

Kisu_Butu: Pole. Ila hukusoma kabla ya kutuma?

Binti_Manunuzi: Nisome nini wakati kote kumeandikwa Kiasi?? Na wewe umeajiriwa kule?

Fundi_Mtata: Mama Kiwanda shikamoo, niwekee mifuko laki mbili tu, nalipa shilingi kumi.

Bwana_Stoo: Mimi huo mfumo umeniuliza "Una uhakika unataka kughairi oda?" Vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Nikibonyeza Ghairi naghairi oda au naghairi kughairi? Nilizima kompyuta.

Mzee_wa_Leja: Hamjakutana na "Pokea". Msambazaji kabonyeza akimaanisha ameikubali oda, mfumo ukaandika mzigo umeshaingia stoo. Mkaguzi anautafuta mpaka leo. Na hiyo "Bei" haisemi kodi ya VAT imo au haimo. Asilimia 18 si hela ya vocha jamani!

Binti_Manunuzi: Afadhali ninyi hamkuambiwa "kiasi ni kiasi" bosi akisikia.

Sapulaya_Mnyonge: Ninyi mnalia na maneno, sisi tunalia na hela. Napeleka mzigo, delivery note (hati ya kukabidhi mzigo) imesainiwa, risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, nimetoa, nikiuliza malipo naambiwa "yapo kwenye mchakato". Taasisi ya umma ikilipa inakata 2% ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hela haijakufikia, na cheti cha zuio cha kuthibitisha umekatwa unakifuata mpaka soli inaisha.

Kisu_Butu: Kama huna mtaji usifanye biashara na serikali.

Sapulaya_Mnyonge: Mtaji wangu wameukalia wao, wewe unaongea nini?

Mzee_wa_Leja: Cheti cha zuio ni haki yako, komaa nao mpaka watoe. Usikubali.

Binti_Manunuzi: Jamani turudi kwenye mada! Mimi nimeambiwa KIASI NI KIASI!

Mwana_Kigoma: Samahani, hiyo simenti ya 17,000 kwa mfuko mnaipata wapi? Huku ukitaja bei hiyo unafukuzwa dukani.

Fundi_Mtata: Simenti afadhali. Umeulizia nondo?

Mwana_Kigoma: Nondo usinikumbushe, mkuu. Nyumba yangu imeishia kwenye lenta.